Dakika Kumi za Chenga

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, nje ya duka la Kinyozi, likitazamana na jengo ambalo siku hizi ni ghala la magodoro. Zamani lilikuwa banda la video. Jumapili ile mchana walikuwa wanne. Kinyozi mwenyewe, ambaye huongea hata mteja akiwa na povu mdomoni. Gia, dereva wa lori mstaafu, mbishi wa kuzaliwa. Fundi Redio, mtu wa maneno machache, kucha nyeusi kwa lehemu, ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya banda. Na katikati yao Spika, skafu shingoni, kimya. Kwa miaka kumi na moja Spika ndiye aliyekuwa mkalimani wa banda lile: filamu inabwabwaja lugha ya kwao, yeye kasimama pembeni na maiki, anaigeuza papo hapo. Kesho yake asubuhi alikuwa anatolewa koromeo hospitalini. Wote walijua, na hakuna aliyetaka kuligusa jambo hilo. Kwa hiyo waliongea habari za maroboti.

— Zile ndizo zilikuwa filamu, alisema Kinyozi akimimina kahawa. Mtu kavalishwa boksi la friji, kapakwa rangi ya fedha, eti anakuja kuiteka dunia.

— Boksi wapi? Lilikuwa bati, Gia akamkata.

— Boksi! Lilinyeshewa likalegea mabega, nimeona kwa macho yangu haya.

— Na raba je? Roboti zima chuma tupu, chini raba za kamba, na kamba moja imefunguka.

— Ndiyo raha yenyewe, bwana. Haya maroboti ya siku hizi ukiyaona unaamini. Mimi sitaki kuamini. Mimi nataka nimwonee huruma aliyemo ndani, joto lote lile!

Fundi akatabasamu.

— Na chombo chao cha angani, alisema, kilikuwa mfuniko wa sufuria. Uzi ulikuwa unaonekana.

Spika alicheka kwa mabega tu. Daktari alikuwa amemkataza kujaribu kuongea.

— Sasa yale ya taa kifuani, akaendelea Gia, mnajua yalishindwaje? Mvua. Ilipiga siku tatu, yakashika kutu, yakabaki yamekunja magoti kama wazee.

— Mvua gani wewe? Mkuu wao alimpenda yule dada mfua nguo. Akaliambia jeshi lirudi kwao, yeye akabaki anasaidia kuanika mashuka.

— Hiyo filamu nyingine.

— Ileile! Yenye taa kifuani, moja imeungua. Fundi, tuamulie.

Fundi akazungusha kikombe chake.

— Mimi nakumbuka yaliishiwa chaji. Yakakwama katikati ya barabara, watu wakawa wanayafungia mbuzi.

Wakatazamana. Filamu moja, miisho mitatu, na hakuna aliyekuwa tayari kuuachia wake.

— Basi niwaambie ukweli, Gia akasema, amesogea mpaka ukingoni mwa benchi. Hayakushindwa. Yalishinda zamani, yakabadilisha viatu tu. Yule wa dirishani benki, mshawahi kumwona akipepesa macho?

— Shemeji yako naye hajapepesa tangu nilipovunja kioo chake, alisema Kinyozi. Kwa hiyo nimeoa roboti?

— Sijasema mimi, umesema wewe.

Kicheko kilipoisha, Fundi akamtazama Spika, kama mtu anayeomba ruhusa. Spika akaitikia kwa kichwa: sema.

— Ile kanda haikuwa na mwisho, alisema Fundi. Mashine iliitafuna mwezi wa kwanza tu. Nilikata kipande kilichoharibika kwa mkasi, nikaungia kanda tupu. Kuanzia pale wanapozingira mji, hakuna kitu. Ni chenga.

— Chenga?

— Dakika kumi za chenga, Gia. Nilitaka kuizima, huyu akaniambia niiache iende. Akaendelea kusema. Kila siku mwisho wake.

Gia aliweka kikombe chini.

— Lakini mimi mvua niliiona.

Fundi aliikumbuka vizuri ile sauti: nene, haina haraka, na watu mia wametumbulia macho skrini nyeupe inayochacharika, hakuna hata mmoja aliyeinuka kwenda zake.

— Kaka, Kinyozi akasema taratibu, amemshika Spika goti. Tupe moja. Ile ya mkuu wao: Wanadamu, wekeni chini masufuria yenu.

Spika akaketi sawasawa. Akakunja ngumi mbele ya kidevu kama ameshika maiki, akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa pumzi, kama tairi la baiskeli lililotoboka. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikasimama juu ya skafu. Gia akageuza uso, akajifanya anasoma kibao cha ghala.

— Tumeisikia, alisema Kinyozi haraka. Inatosha, tumeisikia.

Ndipo alipofika mwanamke mwenye begi la nguo begani. Kinyozi hakumtambua mpaka alipoinama kumrekebishia Spika skafu. Ni binti yake, aliyeolewa mbali. Mara ya mwisho kumwona alikuwa na sare ya shule.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanetu. Umekuja kumchukua?

— Ndiyo. Wanataka alale hukohuko wodini. Lakini nina swali dogo. Mwanangu wa mwisho hajawahi kumsikia babu yake. Alipozaliwa sauti ilishakwenda. Nani kati yenu ana sauti ya baba? Kwenye simu, kwenye kanda, hata kidogo?

Kinyozi akatoa simu. Alikuwa na picha nyingi, na video moja, Spika yuko kwenye kiti ananyolewa ndevu, mdomo umefumbwa, mashine inanguruma. Gia aliifungua simu yake akaifunga.

— Baba Fundi, alisema binti, si wewe uliyebaki na kanda zote za banda?

— Ninazo.

— Basi humo yumo.

— Hayumo, mwanangu. Humo wamo wenyewe waliocheza. Baba yako alikuwa anasema juu yao, sauti ikitoka hapo imekwenda.

Kinyozi akainua birika amwongezee mtu. Lilikuwa tupu. Spika akasimama, akawapa mkono mmoja mmoja. Wa Fundi aliushika muda mrefu, kisha wakaondoka, binti akitangulia na begi.

Fundi hakwenda nyumbani. Alifungua karakana yake ingawa ilikuwa Jumapili. Alikuwa amekumbuka kwamba amplifaya ya banda ilikuwa na sehemu ya kurekodi, na kwamba siku moja, watu wakiwa wameshajaa, kitufe chake kiligoma akakitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, akakijaribu. Miaka yote ile kitufe kilikuwa kizima, na yeye alikaa hatua mbili kutoka pale. Alipekua makasha matatu mpaka akaipata kaseti ya jaribio lile, akaiweka kwenye redio.

Moja, mbili. Moja, mbili. Inasikika huko nyuma? Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya ujana. Nyuma yake viti vinaburutwa, mtu anakohoa. Kisha, karibu kabisa na maiki, mtu akavuta pumzi, ile pumzi ya kifua kizima ya mkalimani anayetaka kuanza kusema. Halafu kitufe, ka. Fundi alikuwa ameizima, asipoteze kanda.

Aliirudisha nyuma mara saba. Hakumpigia binti, angemwambia nini? Alichukua bisibisi, akavunja kile kiplastiki kidogo cha ukingoni mwa kanda, ili asije mtu akarekodi juu yake.