Mlango Usiosikia Hodi

Ukishuka kutoka ngomeni Mutsamudu, kabla vichochoro havijabana hata wenye makapu wasiweze kupishana, kuna baraza ya mawe iliyosuguliwa na makalio ya vizazi. Hapo kila alasiri hupitishwa kahawa yenye karafuu kidogo, na wanaoinywa hawana kazi moja, ila wana kauli juu ya kila kazi. Miaka ile mamluki weupe wa Gadi, yaani walinzi wa rais, walikuwa Moroni, mji mkuu, wakijiendeshea nchi watakavyo, na mtu mwenye akili hakuwataja ovyo. Basi baraza ilikuwa na njaa ya jambo lisilo na bunduki la kubishania. Mungu si mchoyo, akawaletea mlango.

Mlango wenyewe ulitumwa na Idarousse, anayefanya kazi Marseille, umfikie mama yake, Koko, yaani Bibi, Djaouharia. Ulikuwa mlango wa kuzuia moto, mzito ajabu, na una mkono wa chuma juu yake unaoufunga wenyewe kila ukifunguliwa. Idarousse aliupata kwa bei ya kutupa, kwa watu wanaobomoa hoteli kuukuu na kuuza vilivyomo. Kaka yake, Moinaidi muuza vitambaa, ndiye aliyeupokea, akasimamia kung'olewa kwa mlango wa zamani na kutiwa huu. Alijisifu siku mbili hivi. Kisha akaanza kukosa usingizi.

Kwa maana Mutsamudu mlango wa mwanamke mzima haufungwi mchana. Hutundikwa pazia, mtu akapiga hodi, akakaribishwa, akaingia na sahani yake au na umbea wake. Mlango ukifungwa mchana, ama wenyewe wako mazikoni, ama wamenuna. Na huu ulijifunga. Bi Rahmati wa nyumba ya pili alikuja na bakuli la uji, akapiga hodi mpaka akachoka, akarudi nalo. Ndani Koko hakusikia kitu. Jioni mtaa mzima ulijua kwamba Koko Djaouharia amenuna kwa sababu ya harusi ya binti Rahmati, na wanawake waliozoea kuchambulia mchele wa harusi ukumbini kwake wakahamia kwingine. Mwanamke aliyechambua mchele wa harusi za mtaa tangu ujana wake alibaki akitazama chuma. Moinaidi alilijua hilo, na lilimchoma.

— Leo ung'olewe, alisema Moinaidi hata kabla hajaketi. Nimemleta Fakri na vyombo vyake. Mniambie tu nimwambie nini Idarousse.

— Ung'olewe? alisema Djaanfar, ambaye walimwita Redio kwa kuwa habari humtoka kabla hajazisikia. Mlango ule si wa moto, Moinaidi. Mji wa mawe unaungua nini? Ule ni wa risasi. Idarousse kajua jambo huko aliko.

— Jambo gani?

— Punguza sauti.

— Sijaipandisha.

— Basi iache hapo hapo.

Mzee Soidri alishusha kikombe. Huyu aliwahi kupika kwenye meli moja ya Majunga, na tangu hapo ni Kapteni.

— Redio leo kasema kweli, na kesho hatarudia. Mlango ule nimeuona ukishushwa Moroni, kwa macho yangu haya. Akaja mzungu mmoja wa Gadi, akaugonga kwa kidole. Ngo, ngo. Akauliza ni wa nani. Akaambiwa ni wa bibi mmoja wa Mutsamudu. Akacheka. Mzungu wa Gadi hacheki bure. Kesho yake karudi na wenzake na futi.

— Futi ya nini?

— Ya kuupimia mlango. Waliutaka kambini kwao. Bahati yenu ulizidi kipimo.

— Kwani mamluki nao wanaogopa moto? aliuliza Moinaidi.

— Wanaogopana.

Baraza ilicheka chinichini, kila mtu akitazama upande wake. Kapteni akaona upepo umemgeukia, akatweka.

— Na nikwambieni zaidi. Ule si mlango wa nyumba kabisa. Ni wa manowari ya chini ya maji. Ndiyo maana unajifunga. Chini ya maji utamwambia nani akufungie mlango?

— Una kibati kimeandikwa kumi na nne, alisema Fakri seremala. Nimekisugua mwenyewe.

— Manowari ya kumi na nne, alisema Kapteni. Nyingine kumi na tatu ziko wapi, hilo waulizeni wenyewe.

— Mimi nina mama aliyefungiwa ndani, alisema Moinaidi, nanyi mnaniletea manowari.

Fakri alikohoa. Kwa jina la baraza yeye ni Fundi Bado, kwa sababu hilo ndilo jibu lake ukimuulizia kazi yako. Lakini mlango wa Koko aliumaliza, na hakupenda kung'oa kitu pekee alichowahi kumaliza.

— Kwa nini tuung'oe? Tuuwekee jiwe chini. Ukae wazi kutwa, pazia mbele, watu waingie.

— Idarousse kasema katika kanda ya sauti aliyotutumia, ukiachwa wazi ni pambo. Hauzuii kitu.

— Basi kengele, alisema Redio.

— Kengele ya umeme? Umeme upi, huu unaokuja kututembelea kama mkwe?

— Basi mtu akae nje, apokee hodi za watu, aingie nazo ndani kumpa Koko.

— Na hodi yake yeye ataisikia nani?

Kapteni akaingia.

— Utoboeni. Tundu moja hapa, usawa wa mdomo. Hodi ipite.

— Na moto usipite tundu hilo?

— Moto hauna adabu ya kuinama kwenye tundu la hodi.

— Kutoboa nakataa, alisema Fakri. Ndani kuna kitu kama chokaa, ukitoboa kinamwagika. Na Idarousse mwenyewe katuma salamu kwamba usichongwe wala usipunguzwe, uingie na fremu yake, na ule ukanda mweusi wa pembeni usiguswe, maana joto likija unavimba na kuziba nafasi moshi usipite.

Alilisema kwa fahari, kama mtu anayesoma hirizi, kisha akanyamaza ghafla mno. Moinaidi alimtazama. Fakri akavuta miguu chini ya baraza, lakini ilikuwa ni miguu mirefu. Makubazi yake yalikuwa na mikanda mipya, myeusi, iliyokatwa vizuri.

— Fakri.

— Nilidhani ni wa kufungia mzigo.

— Fakri, umeuvaa mlango wa mama yangu.

— Salamu zilifika baadaye. Nami nilikuwa nimeshashona.

— Sasa tunajua, alisema Redio. Nyumba ikishika moto, miguu ya Fundi Bado itasalimika.

Walicheka wote, na Moinaidi akacheka pia, akawa na hasira na kicheko chake mwenyewe. Tazama hali yake. Mlango hauzuii moto kwa kuwa ukanda uko miguuni mwa seremala, lakini hodi unaizuia barabara. Hata hivyo kuung'oa ni kumtukana mdogo wake, na kuuacha ni kumzika mama. Alikuwa anataka mtu mmoja tu wa barazani amwambie fanya hivi, naye akafanye.

Ndipo wakasikia:

— Hodi.

Hakuna apigaye hodi kwenye baraza ya njiani. Waligeuka. Koko Djaouharia alikuwa amesimama kichochoroni, amejitanda nguo yake nyekundu ya shiromani, akihema. Wanawake wa rika lake hupita mbali na mahali pa wanaume, na kama ni lazima wapite, hawasimami. Kapteni aliinuka, Fakri akaficha makubazi.

— Karibu, Koko, walisema kwa pamoja.

— Nimekaa ndani nangoja watu, watu hawaji. Nikasema nitoke mie. Moinaidi, mlango huu mmesema moto hauupiti?

— Haupiti, Mama, alisema Moinaidi, bila kutazama miguu ya mtu.

— Na Idarousse kaununua kwa nini?

— Kule kwao kulitokea moto, Mama. Ngazi za jengo lao ziliwaka usiku. Wa juu waliokuwa na mlango kama huu walipona. Ndiyo akakukumbuka wewe.

— Hapa kwetu uliwahi kutokea moto?

— Hapana.

— Basi yeye kule analala nyuma ya mlango gani?

Redio alitazama ndani ya kikombe. Kapteni alianza, "Kule Ulaya, Koko, majengo yao," akaona macho ya bibi, akaacha.

Moinaidi alikuwa ameisikiliza kanda ile mara nyingi, nyumbani na dukani, na kuwapigia wateja pia wasikie. Alikumbuka bei. Alikumbuka jina la hoteli iliyobomolewa na jinsi ndugu yake alivyobishana na wauzaji. Sasa alikumbuka pia kwamba Idarousse alisema mwenye jengo hataki wapangaji waguse kuta wala milango yake, na hapo akakohoa, akasema ni baridi tu, akaendelea na habari za Mama. Moinaidi aliona haya, na nyuma ya haya ikaja hofu.

— Nauliza tu, alisema Koko.

Koko akasogeza vikombe pembeni, akaikusanya shiromani yake, akaketi katikati yao pale ambapo mwanamke hajapata kuketi, akasema ana nafasi, atangoja.