Binti Aliyeuliza Mizizi Inakula Nini

Ndugu, majirani na wote mliokuja kutushika mkono, maneno haya ni yangu mimi mama mzazi, anayasoma mwanangu mkubwa kwa kuwa mimi na herufi hatujawahi kuelewana.

Binti yangu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1974, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu, akiwa mtoto wa tatu, akaanza shule Januari 1982, na mbegu alizopanda asubuhi alizifukua jioni aone kama zimeshaanza kula. Alihitimu chuo cha kilimo mwaka 1998, akaajiriwa kituo cha utafiti wa udongo tarehe 1 Februari 1999, na tarehe 13 Desemba 2003 akaolewa na dereva wa kituo hicho, wakajaliwa binti na mvulana.

Mwaka 2020 mahindi yetu yalidumaa, majani yakawa ya zambarau, akatueleza kuwa yana njaa ya fosforasi, chakula cha mmea kilichomo shambani tele, ila udongo wetu mwekundu umekibana kama bahili, mizizi ya mahindi haiwezi kuunyang'anya, lakini ya mbaazi hutoa asidi ya kukilegeza. Akaomba shamba lote, huku aweke mbolea ya dukani, kule samadi, kule unga wa mawe yenye fosforasi, kule mahindi yachanganywe na mbaazi, baba yake akamuuliza, "Tukikosa mavuno tutakula majibu yako?" naye akajibu, "Mtahamia kwangu, baba, mle majibu ya mkweo," akapewa shamba.

Siku ya kung'oa mimea, shangazi yake, ambaye vumbi halijawahi kutua mbele yake likapona, aliiosha mizizi yote ikang'aa, kumbe udongo ulioshika mizizi ndio wa kupimwa, msimu mzima ukaenda na maji, binti akakaa chini akalia, kisha akacheka, "Shangazi, mizizi umeipeleka harusini!" akapanda upya.

Figo zilikuwa zimeanza kumsumbua, akalazwa Machi 2022, mumewe akampelekea jani la mahindi kutoka upande uliochanganywa na mbaazi, la kijani kabisa, akalishika mchana kutwa, na tarehe 3 Juni akatutoka kabla udongo wa mizizi haujapimwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu bila kumchoka, majirani mliopokezana kukaa naye, nanyi wenzake wa kazini mliopiga magoti topeni, mkakung'uta mizizi kwa brashi, mkamaliza kupima na kutuletea jibu kwamba mbaazi ziliyafungulia mahindi ile fosforasi, sasa shamba linatulisha.

Mwanangu, jibu lako tumelipata, tunalila, pumzika kwa amani.