Wazaliwa wa Januari Mosi

Benchi la Mama Birika limeegemea ukuta wa hospitali, upande wa nyuma, pale linapotoka bomba la maji ya kufulia mashuka. Si mahali pa kumkaribisha mkweo, lakini wenyewe wameshapazoea, na kahawa ya Mama Birika inaua harufu yoyote. Asubuhi hiyo Karani alifika akakuta nafasi yake imekaliwa na nyundo, sindano mbili kubwa za kushonea viatu na kopo la gundi. Karani alikaa dirisha la mapokezi la hospitali hiyo miaka thelathini na mmoja, akijaza mafaili ya kadibodi, mpaka kompyuta zilipoingia wakampa saa ya ukutani na kumwambia akapumzike. Saa yenyewe haijawahi kusema kweli hata siku moja.

— Za nani hizi? akauliza.

— Zangu, akasema Soli, fundi viatu. Nagawa. Nyundo nimekuwekea wewe. Gundi ni ya huyu Redio.

— Unahama?

— Nakufa.

— Ameanza kufa tangu jana, akasema Mama Birika akimimina. Kikombe hiki cha tatu.

Soli akamsogezea simu. Ujumbe ulitoka hospitalini. Ulisema kwamba watafiti wamepekua kumbukumbu zote za wagonjwa kwenye kompyuta, wakagundua kuwa waliozaliwa Januari mosi wana presha na kisukari zaidi kuliko watu wa tarehe nyingine yoyote. Na kwa kuwa yeye ni wa tarehe hiyo, mtafiti angepita kumwona leo.

Karani akasoma mara mbili. Kahawa ikamwingia puani.

— Hata mimi nimeupata, akasema Redio, anayeitwa hivyo kwa sababu hana pa kuzimiwa. Na Mama Birika pia. Mimi naijua sababu. Januari mosi wakunga wamekesha kusherehekea mwaka mpya. Kitovu chako kinakatwa na mtu anayesinzia. Upepo unaingia, hautoki tena.

— Si wakunga, akasema Mama Birika. Ni tarehe yenyewe. Mwili unaanza kazi siku ya kwanza kabisa, wenzako bado wamelala. Ukifika Desemba uko hoi.

— Basi ni kompyuta, akasema Redio, ambaye hakuwahi kulilia wazo lake la zamani. Kabla ya kompyuta nani alikuwa na presha hapa?

— Tulikuwa hatupimwi.

— Si ndiyo nasema.

Soli alikuwa anatazama nyundo yake. Viatu vya watu alikuwa amevirudisha jana, vingine kimoja kimeshonwa na kingine kinacheka.

— Msichoona ni hiki, akaendelea Redio, sasa kwa sauti ya chini. Benchi moja, watu watatu, siku moja ya kuzaliwa. Hesabuni miezi tisa kurudi nyuma. Kuna mwanamume alikuwa anapita mitaa hii kila mwanzo wa Aprili.

— Chunga ulimi wako, shemeji, akasema Mama Birika. Marehemu mama yangu hakuwa wa kupitiwa.

— Sikusema mama. Nimesema mwanamume.

— Nyamazeni, akasema Soli. Nani atamtazama mke wangu?

Akaiokota nyundo akaiweka kwenye mapaja ya Karani, na hapo ndipo Karani alipoona aibu hasa. Mzaha ulikuwa umekwisha na yeye ndiye mwenye jibu.

— Soli, akasema. Huna ugonjwa wa Januari. Hata Januari yenyewe huna. Nilikupa mimi.

Wakamgeukia wote.

— Mtu alikuwa akija dirishani hajui tarehe yake, na foleni imefika getini. Ningefanyaje? Nikaandika Januari mosi. Wewe, Redio, Mama Birika, nusu ya mji. Kompyuta ilipokuja wakanakili vilevile.

— Na presha? akauliza Mama Birika.

— Wasiojua tarehe zao ni sisi wazee. Vijana wamezaliwa humo hospitalini, wana vyeti. Mashine imegundua kwamba wazee wana presha.

Redio akaanza kuhesabu miezi yake upya kwa vidole.

— Umenizika, Karani, akasema Soli polepole. Umenizika kwa kalamu ya serikali.

— Nisamehe, ndugu yangu. Mama yako alinieleza vizuri kabisa. Alisema alikuzaa mwaka daraja lilipochukuliwa na maji, mahindi yakiwa yamebeba. Namkumbuka alivyolitaja hilo daraja. Sikuandika, kwa sababu kisanduku cha tarehe kilikuwa kidogo.

Soli akanyoosha mkono akaichukua nyundo yake kutoka kwenye mapaja ya Karani.

— Alisema mahindi yamebeba? akauliza.

— Alisema hivyo.

Wakati huo binti mmoja mwenye koti jeupe alikuwa amesimama mbele yao na kishikwambi mkononi. Alikuwa mtafiti, na kwa jinsi alivyopauka usoni walijua amesikia yote. Miezi minane ya kazi yake ilikuwa imemwagika kwenye mtaro wa mashuka. Mama Birika akamwonea huruma, akammiminia kilichobaki chini ya birika, pamoja na machicha.

Binti akafuta jasho, akafungua ukurasa wa Soli.

— Haya, wazee wangu, tusahihishe, akasema. Shikamoo kwanza. Daraja lilichukuliwa na maji tarehe ngapi?

Redio akatazama juu. Mama Birika akatikisa birika tupu. Soli akamtazama Karani kama mtu anayeomba maji.

— Hata mwezi tu, akasema binti. Nikiacha wazi, mashine hainiruhusu kuendelea. Na nina watu mia nne nyuma yenu.

Karani akatazama kile kisanduku kidogo kinachowakawaka, akahisi foleni yote ya miaka thelathini na mmoja ikimpumulia shingoni.

— Andika Januari mosi, mwanangu, akasema. Hata mimi ndivyo nilivyoanza.