Darasa Lililopinduliwa

Kwenye treni ya asubuhi, mbele yangu, mhadhiri wa chuo alikuwa akimlalamikia mama mshonaji aliyeketi kando yake. "Nimelipindua darasa, mama. Somo nalirekodi, wanafunzi walitazame nyumbani. Darasani tujadiliane tu."

"Limepinduka kweli?"

"Wapi! Wanakuja wamekodoa macho kama wageni waliokosea nyumba."

"Sasa hapo unafanyaje?" Mama aliuliza kwa hamu ya kweli.

"Nitafanyaje? Nalifundisha upya, mwanzo mpaka mwisho."

"Mwanangu, chakula kikipashwa moto kila siku, nani atawahi mezani?"

Mhadhiri akacheka shingo upande. Akasema ndiyo maana anakwenda semina: walimu watafundishwa namna ya kuwahamasisha wanafunzi wajiandae. "Tumetumiwa hadi video ya kutazama kabla."

"Enhe! Inasemaje?"

Mhadhiri akaiweka sawa tai yake, ambayo kwa macho yangu haikuwa na kosa lolote. "Bado sijaitazama. Tutaelezwa hukohuko."

Treni ikasimama. Mama akakunja miguu ampishe. "Haya, wahi, mwanangu. Naomba tu wasikueleze."