Ukurasa wa Mzee

KITINDA: Haloo? Nani mwenzangu?

DADA: Ni mimi dada yako. Natumia simu ya fundi, maana yangu umeacha kuipokea.

KITINDA: Shikamoo, dada.

DADA: Marahaba. Kitinda, hiyo tovuti yako imetuua.

KITINDA: Si nilisema mvumilie kidogo? Hii mpya ni nzuri, inafunguka haraka, hata kwenye simu—

DADA: Nzuri kwa nani? Tangu uiweke hakuna aliyeulizia mguu wa bandia, hata mkono! Mafundi wanacheza drafti, plasta imekauka kwenye ndoo. Zamani nilikuta maswali ya watu asubuhi mpaka nachoka kujibu.

KITINDA: Ile ya zamani ilikuwa aibu. Maandishi mekundu juu ya kijani—

DADA: Iliwaleta watu! [mkwaruzo] Haloo?

KITINDA: Nakusikia.

DADA: Mnunuzi wa mashine yuko hapa, anapima tanuri kwa futi. Mama kamwambia kama hakuna wateja, abebe leo.

KITINDA: Mama? Mashine za Mzee?

DADA: Sasa afanyeje? Sikiliza. Kuna mama mmoja kapanda magari mawili kuja hapa. Alikuwa anasoma kwenye tovuti namna ya kuvaa mguu wa bandia bila kuchubuka. Juzi anataka kumwonyesha mumewe, anaambiwa ukurasa haupo. Akadhani tumefunga.

KITINDA: Ukurasa upi?

DADA: Ule alioandika Mzee. Umeupeleka wapi?

KITINDA: Nilipanga upya, dada, kurasa zote zimebadilika anwani—

DADA: Nyingine nimeziona. Huo tu haupo.

KITINDA: Ulikuwa mrefu mno.

DADA: Kitinda.

KITINDA: Mtandao unakata—

DADA: Haukati! Watu wote walikuwa wanaingilia hapo. Mtu akitafuta mtandaoni, analetwa pale, ndipo anatuuliza. Umeziba mlango, kwa nini?

KITINDA: Kuna picha ya Mzee pale juu. Amepiga goti, anamfunga mtu mkanda wa mguu. Kila nikifungua kazi namkuta. Nikashindwa, dada. Tulikuwa hata matanga yake hatujamaliza.

DADA: Si ungesema?

KITINDA: Nimwambie nani? Wote mlikuwa mnajikaza.

DADA: Mimi? Koti lake bado liko msumarini hapa. Nikipita naangalia pembeni. [anapenga kamasi] Nakala unayo?

KITINDA: Ninayo. Kuifuta nako nilishindwa.

DADA: Irudishe. Maneno yaleyale, anwani ileile, anayekuja kwa njia ya zamani afike. Na picha.

KITINDA: Lakini wateja hawatarudi leo, itachukua muda—

DADA: Najua! Nipe tu kitu cha kumwonyesha Mama. [kwa mbali] Kaka, nakuomba, hilo tanuri usilinyanyue kwanza! Subiri!

KITINDA: Nafungua... Dada.

DADA: Nini tena?

KITINDA: Anacheka. Nilisahau kwamba kwenye picha hii anacheka.

DADA: Usifunge. Mdogo wangu, nakusihi, usifu— salio la fundi lina—

KITINDA: Ukurasa umerudi! Dada, umerudi, mwonyeshe Mama haraka! Dada? ... Haloo?