Mabati Niliyoyashusha kwa Mikono Yangu

Bwana asifiwe, wapendwa! Na asifiwe zaidi na sisi tulioimba sifa zake miaka mingi huku mikono yetu ikiiba. Mimi ni fundi Onchari wa hapa Marani. Leo nawaambia nilivyokuwa, na jinsi Mungu alivyonitoa.

Vijana mliomo humu mmeikuta kila boma ina mabati. Miaka ya sitini haikuwa hivyo. Watu walikuwa ndio wanaanza kutoka kwenye nyumba za nyasi, na nyasi zenyewe zilikuwa zinaadimika, kwa sababu malisho yaligeuka mashamba ya kahawa, pareto na majani chai. Basi kila mtu akataka mabati. Lakini bei yake, ndugu zangu! Mtu aliuza ng'ombe, akaongeza pesa ya kahawa ya misimu miwili, na bado akajikuta hana misumari. Miaka ya sabini ilipoingia ikawa mbaya zaidi. Ulikwenda dukani Kisii mjini na pesa ya mabati ishirini, ukarudi na kumi na tano.

Katika shida hiyo ya watu ndimo nilimopata ulaji wangu. Mwenye nyumba aliniuliza, "Fundi, nyumba yangu itakula mabati mangapi?" Ikiwa ni thelathini na mawili, nilimwambia arobaini. Nani angepanda juu kuhesabu? Manane nilibeba taratibu, nikayaficha migombani kwangu. Mbao nazo nilizitenganisha mno ili nibaki na kadhaa. Misumari nilipiga mmoja mahali pa mitatu. Kutoka chini paa lilimetameta, na watu wakanisifu. Nyumba yangu mwenyewe niliiezeka yote kwa mabati ya wengine. Mke wangu Kemunto aliniuliza mara moja tu, "Baba Moraa, mabati haya yametoka wapi?" Nikamjibu, "Ni mabaki. Fundi hupewa mabaki." Hakuuliza tena. Na kila Sabato nilivaa koti langu, nikaketi kiti cha mbele kanisani.

Sasa sikilizeni lililonipata.

Kulikuwa na mjane, Mama Nyaboke, aliyefiwa na mumewe bado akiwa na watoto wadogo. Mama huyu aliuza ng'ombe wawili wa maziwa, wale wale waliokuwa wakilisha watoto wake, apate nyumba isiyovuja. Mimi ndiye niliyemhesabia. Mimi ndiye niliyempeleka dukani. Na kwake nilichukua kumi, kwa sababu hakuwa na mume wa kuniuliza swali. Mungu wangu! Hata nikisema hivi leo ulimi unakuwa mzito.

Nyumba ile haikumaliza hata msimu mmoja wa mvua. Alasiri moja ulikuja upepo na mvua ya mawe, kama mnavyoujua upepo wa huku kwetu unavyoshuka kutoka milimani. Nyumba za jirani zilisimama. Ya Mama Nyaboke ilifunuliwa kama mtu anavyofunua sufuria. Alikimbia ndani kuokoa mahindi yake, na bati moja likaanguka likamkata mkono wa kulia hadi mfupa ukaonekana. Vidole viwili vya mkono ule havikukunjika tena mpaka alipokufa.

Nilikwenda kumwona kesho yake. Nilidhani atanitukana. Alikuwa ameketi jikoni, mkono umefungwa kwa leso, akaniangalia kwa huruma. Akasema, "Fundi, pole sana. Kazi yako nzuri imeharibiwa na mtu mwenye wivu."

Nikamuuliza, "Mtu gani?"

"Ni shemeji yangu Ombati. Kila mtu anajua tumegombania mpaka wa shamba. Amepanda usiku akang'oa misumari."

Ndugu zangu, nilikuwa na neno kinywani na nikalimeza. Nikasema tu, "Mungu atakulipia," nikaenda zangu. Hebu fikirini! Nilitumia jina la Mungu kujifunikia.

Habari ikaenea Marani yote. Ombati alisusiwa. Wake za ndugu zake walikataa kuteka maji pamoja na mkewe. Wazee wa ukoo wakapanga kikao siku ya Jumapili, na ilisemwa wazi kwamba Ombati atatoa ng'ombe za kununua mabati mapya, kisha ahame boma ile yeye na watoto wake.

Jumamosi, yaani Sabato, sikwenda kanisani. Nilisema ninaumwa. Mchana mvua ikanyesha. Mliokaa chini ya mabati mnajua mvua inavyopiga. Siku nyingine sauti ile ilinifurahisha, nilijiona mtu mkubwa. Siku ile sikuweza kuivumilia. Kila tone lilinigonga kichwani. Nilitoka nje nikapiga magoti migombani, pale pale nilipokuwa nikificha mali za watu, mvua ikininyeshea. Mwanzoni niliomba, "Bwana, mwokoe Ombati, lakini mimi usiniaibishe." Nikaomba hivyo mara nyingi, na kila nilipomaliza moyo ulikuwa mzito vile vile. Mwisho nikachoka. Nikasema, "Bwana, niaibishe." Aleluya! Hapo ndipo niliposikia pumzi yangu ikirudi. Niliingia ndani nikamwambia Kemunto yote, tangu bati la kwanza. Alilia muda mrefu. Halafu akasema, "Kesho nitakwenda nawe."

Jumapili asubuhi boma ya Mama Nyaboke ilijaa watu. Ombati alikuwa amesimama katikati, sauti imemkauka. "Mimi sijapanda paa la mtu! Watoto wangu nitawapeleka wapi?" Mzee wa ukoo alikuwa amekwisha kunyanyua fimbo yake ili atoe uamuzi. Nikasimama. Nikaenda mbele.

"Mzee, mwacheni. Paa hili nimeliangusha mimi."

Mzee akaniuliza, "Unasema nini, fundi? Wewe ulipanda ukang'oa?"

"Sikung'oa. Sikupigilia. Na mabati kumi ya mama huyu yako juu ya nyumba yangu."

Watu walidhani nimerukwa na akili. Nikaokota mbao moja iliyoanguka, nikampa mzee. "Tafadhali, hesabu matundu ya misumari." Alipitisha kidole. Palipotakiwa matatu alikuta moja. Akapewa mbao ya pili, ikawa hivyo hivyo. Kelele zikalipuka. Ombati alininyakua shingo, na wanaume wanne ndio waliomtoa. Lakini kilichonivunja ni Mama Nyaboke. Hakunipigia kelele. Alimgeukia Ombati akasema, "Shemeji, nimekuombea mabaya kwa Mungu siku zote hizi." Akaketi chini akajifunika uso.

Mzee alisema nilipe. Hata asingesema, nilikuwa nimekwisha kuamua. Tulipofika nyumbani niliegemeza ngazi ukutani. Nilimwambia Kemunto, "Nikianza, tutanyeshewa."

Akajibu, "Panda. Mimi nitapokea huku chini."

Nilishusha mabati ya nyumba yangu moja baada ya lingine, Kemunto akiyapokea na kuyapanga. Hatukubakiza hata moja. Mabati yale yalikuwa na matundu ya misumari ya zamani, basi nikachemsha lami, nikaziba kila tundu. Nilimwezekea Mama Nyaboke upya, mbao zikiwa karibu karibu, misumari mitatu mahali pa mitatu. Yaliyobaki niliyagawa kwa nyumba nyingine nilizoziibia. Hayakutosha. Mengine yalikuwa yamekwisha kuuzwa, na bei ilikuwa imepanda mara mbili tangu nilipoyaiba. Niliona jinsi bati moja lilivyo ghali, mimi niliyekuwa nikilibeba kama jani la mgomba!

Kazi ya ufundi hakuna aliyenipa. Nilikwenda Tabaka nikachimba mawe yale laini wanayochongea vinyago, mgongo ukipinda, nikirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Kemunto alikata nyasi kando ya mto, kwa kuwa mashambani hazikuwepo tena, tukalala chini ya nyasi tukiweka sufuria palipovuja. Kuna watu walitucheka. Kuna siku nilitaka kuacha. Kemunto aliniambia, "Bado nyumba mbili. Enda." Nikaenda. Miaka mitatu, ndugu zangu! Bati la mwisho nililibeba kichwani kutoka mjini kwa miguu, na mwenyewe nilipomkabidhi aliniuliza, "Hili ni la nini?" Hakujua hata kwamba nilikuwa nimemwibia.

Ombati hakunisalimu miaka yote hiyo. Sikumlaumu. Kisha siku moja alikuja kwangu, akasimama nje ya mlango, akasema, "Ninajenga. Nataka mabati mangapi?" Nikapima, nikamwambia ishirini na sita. Siku ya kuezeka aliketi pale chini kwenye kiti chake tangu asubuhi, akihesabu kila bati na kila msumari kwa sauti. Mimi juu ninapiga, yeye chini anahesabu. Tulipofika ishirini na sita, akasema, "Shuka, ule." Nilikula kwake. Mkewe ndiye aliyeninawisha mikono.

Bwana amenitendea makuu! Namshukuru Mungu aliyenisikia migombani. Namshukuru Kemunto, ambaye yuko pale nyuma anaona haya nikimtaja. Na wewe unayenisikiliza, labda kuna kitu cha mtu nyumbani kwako: mpaka uliosogezwa, mfuko wa mbolea, ndama. Unaogopa aibu. Mimi niliiogopa miaka kumi, na ilipokuja ilinipitia kwa asubuhi moja. Mtegemee Yesu, atakushika. Na kama hujui pa kuanzia, njoo kwangu baada ya ibada. Ngazi ninayo, na nyundo ninayo. Tutapanda pamoja tukishushe kitu hicho cha mtu.