Ndege wa Bati Aliyekamatwa Kongowe

Asubuhi ile ya mwaka wa vita, benchi la kahawa la Mwinyimadi pale Kongowe lilikuwa na mahabusu. Ndege wa bati, mkubwa kama bata mzinga, kafungwa kamba kwenye mguu wa benchi. Tumboni ana saa ya mezani, macho yake vioo vyekundu vya nyuma ya baiskeli, na kila baada ya kitambo shingo inageuka: krrr! Jana jioni mgambo walimng'oa katikati ya mpunga wa Bi Mwanamkuu, kwa kosa la kuyatazama malori ya jeshi. Kulipokucha, Shomari, balozi wa nyumba kumi, akapiga debe la mkutano, na bonde zima likaitika. Mwamvita, binti wa Bi Mwanamkuu, alifika akitweta kwa hasira. Miguu ya mama yake haikuwa tena ya kukimbizana na ndege, na mpunga ule ndio chakula chao cha mwaka.

— Shikamoo Balozi. Nimekuja kumchukua ndege wangu.

— Marahaba. Ndege wako? Huyu mpelelezi wa nduli tunayepigana naye, mwanangu!

— Nimemtengeneza mwenyewe. Saa ya marehemu baba, bati la debe la mafuta. Kazi yake kutisha ndege wasile mpunga.

Benchi likaangua kicheko. Mbaraka, waliyempachika jina la Redio kwa kuwa huongea hata betri zikiisha, akaweka kikombe chini.

— Mtoto wa kike atie saa tumboni mwa ndege? Nani kakutuma useme hivyo?

— Kanituma njaa, kaka Mbaraka. Wewe kakutuma nani?

— Msikieni! Mimi nimemchunguza huyu. Lori likipita, shingo inageuka. Anahesabu askari!

— Inageuka hata lisipopita. Tazama.

Krrr!

— Mmeona? Kamtazama Balozi! Anamjua mkubwa ni nani!

Twalibu Foleni, asiyekosekana penye mstari wowote, akadakia:

— Redio, huna akili. Nduli ana shida gani na Kongowe? Huyu wa walanguzi. Sukari ikishushwa duka la ushirika, kabla hatujajipanga imekwisha. Nani anawapasha habari? Huyu hapa!

— Sukari imeadimika mwaka mzima, kaka Twalibu. Ndege ana wiki moja.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni!

— Kamba si mmemfunga nyinyi?

— Ndiyo! Mbona hajakataa?

Mwamvita akaona anatwanga maji kwenye kinu. Balozi akakohoa, watu wakatulia.

— Nyote mko mbali. Jiulizeni, saa inafanya nini tumboni? Huyu ana mimba! Saa ikitimia, anataga. Vifaranga vya bati, kila paa kimoja. Samaki mkunje angali mbichi.

— Balozi! — Mwamvita akapaza sauti. — Si ni wewe uliyesimama hapa ukatuambia kina mama tujitegemee, tusingoje mtaalamu? Nimejitegemea, mmenifungia ndege wangu! Angemtengeneza Mbaraka, leo mngekuwa mnampeleka maonyesho ya Sabasaba mkipiga ngoma!

— Atakaa hapa mpaka wakubwa waje. Haraka haraka haina baraka.

— Hiyo methali waelezeni ndege wenye mbawa!

Wakati huo akatokea mtu na furushi la mikeka, akasalimia, akaomba kahawa. Jina lake Laurean, anatokea Maneromango, anakwenda ukweni.

— Samahani, jamaa zangu, desturi za huku sizijui. Nimekatiza bondeni kwenu. Mpunga umetia maziwa, ndege wametanda kama wingu, na madungu yote ya kulindia hayana mtu. Huku kwenu, sasa hivi nani anaamia, nani anafukuza ndege?

Redio akamtazama Foleni. Foleni akamtazama Balozi. Kila mmoja aliteremka kwenye dungu lake debe lilipolia, hata Mwamvita. Mwinyimadi alimimina kahawa mpaka ikamwagika kwenye vidole vyake.

Mwamvita akainama, akafungua kamba. Akambeba ndege begani, akateremka mbio akipiga makelele, na nyuma yake akasikia benchi likianguka na miguu ya wote ikimfuata bondeni.